Sikwenda Visby Kuosha Vyombo

Mwenye ofisi aliteleza bafuni akavunjika kifundo cha mguu, na ndiyo sababu mimi nikaenda Sweden. Ningependa kusema nilichaguliwa kwa ubora wa kazi yangu, lakini ukweli ndio huo. Safari ilikuwa imekwishalipiwa na wenyeji wa huko, waliokuwa wakiwaalika watu wa biashara ya utalii kutoka nchi mbalimbali waje wauone mji wao. Ofisi yetu ya Randburg ni ndogo. Tulikuwa watatu: yeye mwenyewe, mhasibu anayeogopa ndege, na mimi.

Kazi yangu ilikuwa kuandika vidokezo vya matembezi. Mteja akinunua tiketi ya kwenda Lisbon au Hanoi, hupewa kurasa chache za kumsaidia: avae viatu gani, aanze kuona nini, ale wapi, asipoteze muda wapi. Nilikuwa nimekwishaandika habari za miji mingi ambayo mguu wangu haujaikanyaga, nikisoma huku na huku na kuzikisia harufu zake. Sasa nilikuwa naenda kunusa mwenyewe.

Mimi ni mtu wa Tanga. Nimekaa Johannesburg miaka mingi, kiasi kwamba binti yangu aliyezaliwa hapa nikimwita kwa Kiswahili hunijibu kwa Kiingereza, na akikasirika hunijibu kwa Kizulu. Nimezoea kuulizwa nilifika vipi katika nchi hii na nitarudi lini kwetu. Dereva wa teksi huniuliza tukisimama kwenye roboti, ndivyo wanavyoziita hapa taa za barabarani. Muuza nyanya huniuliza akinirudishia chenji. Hakuna aliyepata kuniuliza nimeona nini duniani.

Visby ni mji wa zamani katika kisiwa cha Gotland. Ukuta wa mawe wenye minara umeuzunguka, na ndani yake kuna vijumba vidogo vyenye mawaridi yaliyopandwa mlangoni, na makanisa ya kale yaliyobaki kuta tupu, bila mapaa. Nilifika wakati wa kiangazi chao. Jua lilikuwa haliishi. Nilikaa dirishani nikingoja magharibi iingie nisali, nikangoja tena, hata nikahisi kama kuna mtu amelishika jua shati kwa nyuma.

Asubuhi ya kwanza nilishuka kunywa chai katika nyumba ya wageni tuliyofikia waalikwa wote. Nilikuwa nimevaa gauni la kitenge, zambarau na manjano, na mtandio wa manjano. Nilisimama karibu na meza ya vyakula nikijaribu kutambua samaki wa aina gani wale waliolala katika bakuli. Mgeni mmoja, mzee mwenye nywele nyeupe zilizochanwa vizuri, akanikabidhi birika la kahawa lililokwisha. Alinyoosha mkono tu, kama mtu anayetundika koti kwenye msumari.

Nililipokea, maana mkono hupokea kabla akili haijafika. Kisha nikalirudisha mezani mbele yake.

"Hata mimi nangoja kahawa," nilimwambia kwa Kiingereza. "Mimi ni mtalii."

Akawa mwekundu hadi masikioni. Akaomba radhi, akaanza kunieleza kwamba alidhani, kwamba kule kwao, kwamba mavazi. Nilimsikiliza mpaka akaishiwa maneno. Ilikuwapo meza ya dirishani iliyotazama bahari, na kila mtu alikuwa akiizungukazunguka kwa adabu bila kuthubutu kuikalia. Nikaenda nikaikalia mimi. Nilikula polepole mno asubuhi ile. Nilikula mpaka wahudumu wakaanza kufuta meza za jirani, na sikunyanyuka.

Neno lile, mtalii, nilikuwa nimeliandika mara zisizohesabika bila kulisema juu yangu mwenyewe. Kwa lugha yetu mtalii ni yule mwingine, anayeshushwa na basi akiwa na kofia pana, nasi ndio wa kupigwa picha. Siku ile nililivaa. Nikatoka nalo nje.

Mwenyeji wetu wa kututembeza alikuwa mwalimu mstaafu, mwanamke mrefu mwenye sauti ya darasani. Tulipofika kwenye lango moja la ukuta alisimama, akatueleza kwamba ukuta ule haukujengwa kwa ajili ya maadui wa ng'ambo peke yao. Wafanyabiashara wa mjini waliujenga pia kujikinga na wakulima wa kisiwa chao wenyewe. Baadaye mfalme wa kigeni alipokuja na jeshi, wakulima ndio waliopigana, nje, chini ya ukuta, na malango yakabaki yamefungwa. Wakafia pale. Akanyoosha mkono kuonyesha majani mabichi tuliyokuwa tumeyakanyaga.

Mwenzangu mmoja akauliza aiskrimu inauzwa wapi. Mimi nilibaki nyuma. Ninakoishi mimi kuna mitaa iliyozungushiwa kuta, na juu ya kuta nyaya za umeme, na kwenye malango walinzi kutoka Bukavu na Lubumbashi ambao hawaruhusiwi kuingia ndani baada ya kazi. Nililigusa jiwe. Lilikuwa na joto la jua, kama ukuta wowote.

Katika makumbusho ya kisiwa kuna chumba chenye mwanga hafifu ambamo wameweka fedha iliyochimbwa mashambani, iliyofukiwa zamani sana na watu wa kisiwa waliokuwa wakisafiri mbali kwa biashara. Nilikwenda peke yangu. Niliinama juu ya kioo nikaona sarafu nyembamba, nyingi kama magamba ya samaki, na juu yake maandishi. Nilifikiri macho yananichezea. Yalikuwa ya Kiarabu. Maandishi ya kale, herufi hazina nukta, hayafanani na yale niliyofundishwa chuoni Tanga nikiwa mtoto. Sikuweza kuyasoma yote. Lakini "la ilaha" niliijua. Ilikuwa imelala pale, katika udongo wa watu wa theluji, kabla hajazaliwa yeyote wa kuniuliza nimefikaje.

Nilitoka nikaenda bustani ya miti iliyo karibu na bahari. Nikaangalia kibla kwenye simu, nikatandika kanga, nikasali adhuhuri chini ya mti mkubwa nisioujua jina. Bibi mmoja aliyekuwa na mbwa alisimama mbali kidogo, akamshika mbwa wake kwa ufupi mpaka nikamaliza. Nilipokunja kanga akanisalimu kwa kichwa, akapita.

Na nilikula chapati yao ya zafarani. Naiita chapati kwa kukosa neno. Hupikwa kwa wali uliochemshwa na maziwa, zafarani na lozi, ikaokwa, ikaletwa na jamu ya tunda dogo jeusi na malai juu. Nilipoionja nilicheka peke yangu. Ilikuwa ni ndugu wa mkate wa kumimina, ndugu aliyekwenda mbali akasahau nazi na iliki.

Siku ya mwisho mwenzetu mmoja alinipiga picha juu ya mteremko, ukuta na mapaa mekundu nyuma yangu, mtandio wangu wa manjano ukipepea. Picha nzuri. Siikatai.

Niliporudi Randburg niliandika vidokezo ambavyo sijapata kuandika mfano wake. Niliandika kwamba mtu aanze asubuhi kabla meli za watalii hazijashusha watu. Avae viatu vya soli nene, kwa sababu njia za mawe zitamla visigino. Apande juu kwa ngazi karibu na kanisa kuu, asishuke haraka. Niliandika habari ya wakulima waliofungiwa nje. Niliandika habari ya sarafu. Niliandika mahali pa kusali, na jinsi magharibi inavyochelewa wakati wa kiangazi, ajiandae mtu. Niliandika kwamba ukiwa mweusi huenda ukakabidhiwa birika, na kwamba ulirudishe.

Mwenye ofisi alisoma huku mguu wenye plasta ameupandisha kwenye kiti. Si mtu mbaya. Alinipa kazi wakati wengine waliziangalia karatasi zangu wakanirudishia. Lakini alisoma akiwa na kalamu mkononi, na kalamu haikutulia.

"Zuri sana," alisema. "Tutaondoa hili la wakulima, linahuzunisha. Na sarafu, na mambo ya sala. Na birika, hili hapana kabisa. Andika kama mtu yeyote."

"Mtu yeyote ni nani?" nikamuuliza.

"Unajua ninachosema. Mteja."

"Mimi ndiye niliyekwenda."

"Najua. Lakini mteja anataka kujiona yeye pale, si wewe."

Nilikuwa karibu kunyamaza. Ofisi ile ni kazi, na kazi katika mji huu haiokotwi barabarani. Kisha akaigeuza kompyuta nione ukurasa alioutengeneza. Juu kabisa, kubwa, nilikuwa mimi na mtandio wangu wa manjano.

"Lakini picha hii," alisema kwa furaha ya kweli, "picha hii tunaiweka. Ina mvuto! Rangi zile! Inaonyesha kwamba kila mtu anakaribishwa."

Nilijiangalia. Nilionekana mtu mwenye furaha anayetangaza mji ambao hakuruhusiwa kuusemea.

"Ondoa," nikamwambia.

"Nini?"

"Picha. Kama maneno yangu hayafai, sura yangu haifai. Ama vyote viwili, au nibakie navyo vyote viwili mwenyewe."

Alicheka akidhani natania. Mhasibu, aliyekuwa meza ya pili, aliacha kubonyeza kikokotoo. Mwenye ofisi akanieleza kwamba safari ililipiwa kwa jina la ofisi. Nikamwambia ni kweli, lakini uso haukulipiwa. Akaniambia nifikirie vizuri. Nikamwambia nimefikiria tangu kwenye ndege, na hilo lilikuwa uongo. Nilikuwa nimefikiria pale pale.

Picha iliondolewa. Wakaweka ya mawaridi. Vidokezo vikatoka bila wakulima, bila sarafu, bila mimi, vikasomeka kama vya mji ambao hakuna mtu aliyeishi humo wala aliyeutembelea. Wiki iliyofuata nilihamishiwa kwenye simu: kupokea wateja, kubadilisha tarehe za tiketi, kusikiliza malalamiko ya mizigo. Mwandishi mwingine alipatikana, wa kuandika akiwa nyumbani kwake.

Nilikuwa na hasira, na hasira ikikaa bila kazi hujikuna. Jumamosi moja nikafunga mlango wa chumba, nikashika simu, nikaanza kurekodi kwa Kiswahili yote yale yaliyokatwa. Nilizungumza kama ninavyozungumza na shoga zangu. Nikasema, "Jamani, ukifika Visby, usianze na maduka." Nilizungumza mpaka binti yangu akagonga mlango kuuliza kama nimepata wazimu. Nikazituma zile sauti kwenye kundi letu la simu la wanawake wa Tanga na Unguja waliopo Johannesburg. Wengi walinirudishia vikaragosi vya kucheka. Mmoja aliuliza kama huko wanauza mchele wa Mbeya. Basi.

Lakini sauti haina adabu. Huingia mahali ambapo haikualikwa. Wiki chache baadaye nilikwenda kupimwa gauni kwa fundi wangu huko Marshalltown, mama wa Kikongo kutoka Bukavu, aliyepangisha chumba ghorofa ya pili juu ya wauza mikoba. Kwenye ngazi nikasikia mtu akiongea kwa lafudhi ya Tanga kuhusu kuta na minara. Nikashangaa ni nani. Ni mimi. Fundi alikuwa ameweka simu juu ya cherehani, sauti imefunguliwa mpaka mwisho, na yeye anashona.

"Mama, ni weye!" alisema alipogeuka. "Hii sauti nikaisikia, nikasema huyu namujua."

Alikuwa amesikiliza zote, zingine mara mbili. Dada yake yuko Sweden, akaniambia; alipelekwa huko zamani kutoka kambi ya wakimbizi, pamoja na watoto wake, na hawajaonana tangu hapo.

"Sasa miye niko nataka kuenda," alisema. "Dada nitamuona, ni kweli. Lakini huu mji pia nataka kuuona. Haya makanisa yenye hayana paa."

Kwenye benchi alikuwapo mwanamume mmoja, mlinzi wa jengo la jirani na mtu wa kwao, aliyekuwa akingoja suruali ipunguzwe kiuno. Akacheka kwa sauti.

"Ulaya watu wanaendaka kuosha sahani, mama. Hapana kuenda kuangalia ukuta. Ukuta hapa hakuna?"

Fundi alisimamisha cherehani.

"Weye, enda ukaoshe," alimwambia. "Nani anakukataza? Miye Mungu alinipa macho. Nimeshonea watu nguo za kuenda kutembea, miaka yote. Nguo za ndege, nguo za arusi, nguo za Dubai. Sasa najishonea yangu."

Yule bwana akarudi kuiangalia suruali yake.

Kuanzia hapo jambo likawa letu wawili. Nilimsaidia kujiandaa na mahojiano ya viza, nikampa ushauri wa mtu mwoga.

"Sema dada yako anaumwa," nilimwambia. "Watakuelewa haraka zaidi."

Akaniangalia kwa mshangao. "Dada yangu hagonjwe. Kwa nini nimugonjweshe?"

Akaenda akasema anakwenda kumwona dada yake na kutalii. Alitamka hilo neno la pili kwa Kiingereza alichokifanyia mazoezi kwangu, polepole, kila silabi. Wakamnyima. Waliandika kwamba hawakuridhika kuwa atarudi.

Nilidhani atavunjika moyo. Nilipanda ngazi za Marshalltown nikiwa na maneno ya kumfariji tayari mdomoni. Nikamkuta ameinamia kitambaa cheupe cha bi harusi, sindano midomoni.

"Banasema sitarudi," alisema alipozitoa. "Na hizi nguo za Desemba nani atashona, dada yangu? Ule wa ofisi ya viza?"

Akaomba tena. Safari hii alibeba picha za maharusi wote wanaomngoja, wamesimama katika chumba chake na nguo ambazo hazijakwisha, mikono mingine bado imebanwa kwa pini, pamoja na barua ya mchungaji wake. Alipoulizwa anakwenda kufanya nini, alijibu vilevile. Nilimngoja nje nikitembeza tasbihi ndani ya mkoba. Majibu yalipokuja hakunipigia simu. Alipanda basi la mwendo kasi mpaka Braamfontein, akachukua teksi ya Randburg, akaja ofisini kwetu mwenyewe, akasimama mbele ya meza yangu amevaa suti ya kitenge aliyojishonea.

"Nataka tiketi," alisema kwa Kiingereza chake, kwa sauti ya kusikika hadi chumba cha ndani. "Visby. Nataka yule mwanamke wa sauti anihudumie."

Mwenye ofisi alitoka, sasa akitembea vizuri. Akauliza sauti gani. Fundi akatoa simu, akaiweka mezani na kuifungulia sauti yangu mbele yangu mwenyewe. Mwenye ofisi hakuelewa Kiswahili lakini alisikiliza hadi mwisho, na alimwona mteja akiitikia kwa kichwa, akicheka mahali pa chapati, akinyamaza mahali pa wakulima. Siku iliyofuata aliniuliza kama ningependa kurudi kwenye kuandika. Nilimwambia ndiyo, bila kalamu yake kupita mahali nilipokwenda kwa miguu yangu. Alifikiri juma zima. Sasa ninaandika, na mara nyingi tunagombana, naye mara nyingine hushinda. Ule ukurasa wa Visby umeandikwa upya. Wakulima wamo.

Fundi alikaa Sweden mwezi mmoja. Aliporudi nilikwenda kwake kabla hata ya kuvua viatu vya kazini, nikamkuta anatafuta uzi, amezungukwa na maharusi wenye wasiwasi. Aliwaambia wangoje. Akaniketisha kwenye benchi.

Alianza kwa kunikosoa. Ukuta, alisema, nilikosea kuwaambia watu waufuate kwa ndani. Uzuri wake uko nje, upande wa malisho, ambako unauona wote unavyopanda. Chapati ya zafarani ni tamu kupita kiasi na aliimaliza kwa heshima tu. Ngazi za kanisa kuu ni kali kwa mtu mwenye magoti.

Kisha akanieleza habari ya dada yake. Dada yule ameishi nchi ile miaka mingi, anahudumia wazee katika nyumba yao ya kulelewa, anazungumza lugha yao, ana uraia wao. Hakuwahi kufika Visby. Siku zote alidhani ni mahali pa wenyewe.

"Nikamwambia, wenyewe ni nani? Weye unalipa kodi."

Wakapanda meli pamoja. Wakaingia katika moja ya yale makanisa yasiyo na paa, nguzo zimesimama na mbingu juu, watu wachache wakipiga picha kwa kunong'ona. Fundi alitazama juu. Akasema hakupanga. Alifungua mdomo tu akaimba wimbo wa kwaya yao ya Bukavu, kwa sauti ya kanisani kweli, si ya kunong'ona. Dada yake akamvuta mkono.

"Akaniambia, nyamaza, batu banaangalia. Nikasema, sasa si tulikuja tuangaliane? Nikaendelea."

"Watu wakafanya nini?"

"Wengine wakakaa chini kwenye majani, wakasikiliza. Bwana mmoja akatikisa kichwa, akatoka. Aende. Ubeti wa pili ulipofika nikasikia sauti ya tatu. Nikageuka. Ni dada yangu. Alikuwa analia na anaimba, na hakusahau hata neno moja."

Mmoja wa maharusi, aliyekuwa ameshika kipande cha lesi, alijifuta pua. Nami sikuona haya kufanya vilevile.

"Tukaimba mpaka mwisho," alisema fundi. "Halafu tukatafuta choo karibu mji muzima. Habari yote ile ulitupa, mama, na choo hukusema kiko wapi."

Akanielekeza: ukitoka kanisani, ushuke upande wa kushoto, ulipite duka la vyungu, mlango wa kijani. Nikatoa simu pale pale, nikamwomba arudie, nikarekodi.